Kimea cha Matanga

Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu Deusi huko Wampembe, karibu kabisa na ziwa, mahali ambapo ukichimba kidogo tu mchanga unaanza kulowa. Aliumwa ini kwa muda mrefu, hospitali wakasema hawana zaidi la kufanya, akarudi kwake. Lakini siku pumzi yake ilipobadilika watoto walichanganyikiwa, wakampakia kwenye gari wampandishe hospitali Namanyere, na akakata roho katikati ya mlima, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya binti yake Sara. Baada ya maziko Sara alinifuata nyuma ya nyumba, nilikokuwa naosha masufuria ili nisilazimike kukaa na watu, akaniuliza, "Shangazi, tulikosea?" Nikamwambia ashike lile sufuria kubwa anisaidie kulisugua. Jibu nililonalo lina urefu wa mwaka mzima, na mwaka wenyewe ni ule nilioishi na bibi yake, mama yake Deusi, pale Malangali mjini Sumbawanga, mimi nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwoga kama kunguru.

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo kwangu alikuwa Mama mkubwa, na hivyo ndivyo nilivyomwita hata nilipokuwa namnawisha. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kunifanya nitazame chini, nikaambiwa nenda kamsaidie Mama mkubwa kufua na kupika wakati tunafikiria la kufanya. Hakuna aliyeniambia kwamba naenda kukaa na mtu anayekufa. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sebule, upande ule ambako mtaa unaisha na mashamba yanaanza. Nilifika wakati wa baridi, baridi ile ya kwetu inayoingia hadi kwenye meno. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha mbao, kabati lisilofunga vizuri, rozari kwenye msumari, na dirisha linalotazama uani. Ndani kulikuwa na harufu mbili zilizopigana mchana kutwa: ya sabuni ya unga, na ile nyingine, ya ugonjwa wenyewe. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, lakini pale nyumbani ilikuwa inaitwa "tumbo". Tumbo la Mama linasumbua. Tumbo leo limetulia. Nilifundishwa kubadilisha vitambaa, kuvichoma visivyofulika, na kumgeuza bila kumshika kiuno. Nilifanya yote huku nimebana pumzi, na yeye alijua, maana siku moja aliniambia, "Pumua, Edita. Utaanguka, halafu nani atamwuguza mwenzake?"

Nesi Rehema wa hospitali ya misheni alikuwa akija kwa pikipiki, vumbi tupu, na helmeti yake haivui hata ndani ya nyumba mpaka mtu amkumbushe. Mara ya kwanza alipokuja baada ya mimi kufika niliambiwa nipike chai, nikaipika, lakini masikio niliyaacha kwenye pazia la chumba. Nilimsikia Mama mkubwa akiuliza kwa sauti yake ya sokoni, sauti ya mtu anayetaka kujua kama nyanya ni za leo au za jana, "Nambie ukweli, sista. Kuponya hamna?" Nesi akasema dawa ya kuponya hawana, ya kuzuia maumivu wanayo. "Basi nitafia hapa," Mama mkubwa akasema. "Kitandani pangu. Sitaki kufia barabarani." Mume wake alifia kwenye lori njia ya Mbeya, kabla hata hawajafika Tunduma, na walirudi naye wamemkalisha katikati ya abiria, kofia imeshushwa usoni ili watu wadhani amelala. Hiyo nilikuwa sijui. Niliisikia hapo nikiwa nimeshika birika, na nikamwaga chai miguuni mwangu.

Baadaye nesi aliniita nje, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, akanieleza. Alisema kadiri siku zinavyokwenda hatataka kula, tusimlazimishe. Atalala zaidi ya kuamka. Mwisho mikono na miguu itakuwa baridi, na pumzi itakwenda, itasimama, itakwenda tena, na inaweza kukoroma, na huko kukoroma kunamwumiza anayesikia kuliko anayekoroma. Alisema yote kwa haraka, huku anajipangusa vumbi. Nilitamani anyamaze. Nilimtazama mdomo wake na helmeti ile kichwani na nikawaza kwamba huyu mtu anaondoka sasa hivi, na mimi ninabaki. Leo nina mjukuu, nimeuguza watu wawili baada ya hapo, na bado naamini hofu ile ilikuwa kubwa kuliko umri wangu. Nilikuwa naogopa kumpa mofini, dawa ile ya maji, nikidhani kijiko kikijaa kupita kiasi nitakuwa nimeua. Nilikuwa naogopa kuingia chumbani nikitoka kisimani, nikawa nasimama kwanza mlangoni kutazama kama blanketi linapanda na kushuka. Niliogopa zaidi kwamba itatokea nikiwa peke yangu naye.

Yeye hakuwa na habari na hofu zangu, au alikuwa nazo akaamua kuzitumia. Asubuhi jua likishapasha uani nilikuwa namleta dirishani, namweka mito mgongoni, mimi nakaa nje chini ya dirisha nachambua maharage, na yeye anapanga kifo chake kama watu wanavyopanga arusi. Padre aje kumpaka mafuta akiwa bado na akili, siyo wakati amekwisha kuwa gogo. Azikwe na kitenge cha bluu, siyo cha kijani, cha kijani nichukue mimi. Wa kumwosha ni wanawake wawili aliowataja, na mmoja aliyemkataa kwa jina kwa sababu ana mikono ya haraka. Mimi nilikuwa najibu "sawa, Mama mkubwa" huku macho yangu yako kwenye ungo, na mara nyingi nilitupa maharage mazima nikabakiza mawe. Siku moja akasema, "Wakija na gari, wewe ndiye utakayesimama mlangoni."

"Mimi?"

"Wewe. Wengine wananipenda mno, hawatasikia. Wewe unaniogopa."

Alikuwa anacheka aliposema hivyo, lakini alinyoosha mkono dirishani akanishika kichwa, akakaa nao pale mpaka nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo ili auondoe mkono. Hao wengine maana yake ni Deusi, mwanawe wa pekee, aliyekuwa na mtumbwi na nyavu zake Wampembe, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka majini, ambaye alikuwa akija na samaki wa migebuka waliokaushwa, anakaa sebuleni, anaongea na mama yake kupitia pazia, na hakuingia chumbani hata mara moja. Kila alipoondoka alisema akija tena atampeleka Mbeya.

Ndipo likaja suala la kimea. Wasiotoka kwetu niwaeleze kidogo tu: pombe ya ulezi haipikwi bila kimea, na kimea ni ulezi uliolowekwa, ukafunikwa na magunia mabichi mpaka ukaota vijimizizi, kisha ukaanikwa na kusagwa. Ni kazi ya siku nyingi, na hufanywa pale sherehe inapojulikana itakuwa lini. Mama mkubwa alikuwa mpishi wa pombe aliyeheshimiwa mtaa mzima. Na siku hiyo, maharage yakiwa jikoni, aliniambia niutoe ulezi ule wa kwenye debe, niuloweke. Nikauliza wa nini. "Wa matanga," akasema. "Ukisubiri nife, wataweka kimea cha kununua, kile kichungu, na watu watakunywa huku wananisengenya. Kimea kikikauka vizuri kinakaa. Na mimi nataka kukionja mwenyewe."

Niliuloweka. Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya baridi, na ulezi ule mwekundu ulikuwa unateleza kati ya vidole, na nilikuwa nasikia kama nachimba kaburi. Nikaufunika kwa magunia nyuma ya jiko. Alinituma kila asubuhi niende nikafunue nimwelezee. Umechipua? Kidogo. Mizizi mirefu au mifupi? Mifupi. Unanukaje? Mtamu. "Bado," anasema, "funika." Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa gunia lile. Nililifunua kwa kijiti. Nafaka ile ilikuwa imeshikana, nyeupe kwa vijimizizi, ya moto ukiigusa, na mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba siku itakapokuwa tayari, naye atakuwa tayari. Nilifikiria kuimwagia maji ya chumvi ife. Sikuthubutu, maana angenusa.

Nilipoianika uani juu ya turubai, jirani yetu Mama Yustina alipita kuazima moto, akasimama, akatazama kimea, akatazama dirisha. Alikuwa mwanamke mwema anayelia haraka. Akaniuliza kuna sherehe gani hapa. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka dirishani: "Matanga, jirani."

"Ya nani tena, masikini?"

"Yangu."

Mama Yustina aliondoka bila moto. Jioni wanajumuiya walipokuja kusali rozari kama kawaida yao, nilikuwa jikoni, na wawili waliokuwa wananawa mikono nje hawakujua kwamba ukuta wa jiko letu una mwanya. Mmoja alisema, "Wamemwanikia kimea chake akiwa hai." Mwingine akasema, "Na ile dawa wanayompa ni ya kummaliza, imemlaza akili kabisa." Wa kwanza akauliza nani hasa anayempa. "Si yule binti." Kisha wakasema neno uchawi, polepole, kama mtu anayejaribu kama chai ni ya moto. Kwetu neno hilo halitupwi ovyo. Nilijua familia zilizohama mji kwa sababu yake. Nilikaa chini kwenye kigoda mpaka waliposali na kuondoka, kisha nikampelekea Mama mkubwa uji. Lazima niseme pia, nisimwonee mtu, kwamba baadaye pombe ile ilipopikwa, Mama Yustina ndiye aliyekunywa kuliko wote, na alisema wazi mbele ya watu kwamba haijapata kutokea tamu kama hiyo.

Habari ziliteremka ziwani na gari la dagaa, maana shemeji yake Mama Yustina alikuwa dereva wa njia hiyo. Deusi alipanda kabla ya wiki kuisha, na safari hii alikuja na gari la kukodi, pikapu yenye turubai, ikiendeshwa na kijana wa Namanyere aitwaye Kasimu. Nilikuwa uani nageuza kimea. Sikumaliza hata "shikamoo, kaka". Alilishika turubai pembe moja akalivuta, na ulezi wote ukamwagika kwenye vumbi.

"Nani amekutuma kumzika mama yangu?" aliuliza.

"Mwenyewe," nilisema, na sauti ilitoka kidogo sana.

"Mwenyewe! Mgonjwa anasema chochote. Ninyi mmechoka kufua, semeni mmechoka. Namchukua sasa hivi nampeleka Mbeya."

"Deusi," Mama mkubwa akaita kutoka dirishani. "Njoo huku ndani."

Akaenda mpaka kwenye pazia, akasimama hapo kama kawaida yake. Akaambiwa ingia. Sikumwona usoni alipoingia, lakini niliona mgongo wake ukisimama ghafla, kisha ukainama. Alikuwa hajamwona mama yake tangu mvua. Mimi nilikuwa namwona kila siku, nilishazoea mifupa ile. Nilisikia akilia, mtu mzima, na Mama mkubwa akimwacha alie, kisha akamwambia, "Ulichomwaga kikusanye. Ukipepete vizuri, mawe yatavunja meno ya watu."

"Mama, watu watasema nimekuacha ufe kama mbwa."

"Watasema. Halafu watakunywa."

"Mbeya kuna madaktari wakubwa."

"Nimeshawaona. Wanajua wanachojua. Sasa nisikilize, mwanangu. Ukitaka kunipeleka, nipeleke leo, wakati nakuona na kukujibu. Siku nitakapokuwa sikujibu, usiniguse, niache hapa. Baba yako nilimpeleka mimi. Kofia ile usoni mwake niliishusha mimi, kwa mkono huu." Akauinua mkono. "Haya. Unanipeleka leo?"

Deusi alitoka, akapiga magoti uani akaanza kukusanya kimea kwa viganja, na mimi nikaleta ungo. Tulipepeta pamoja. Mwishoni akasema, bila kunitazama, "Gari litakaa. Sijasema tunaondoka, nimesema litakaa." Likakaa. Kasimu alikuwa analipangusa kila asubuhi, anakula ugali wetu kwa adabu, anasifu maharage, kisha anakwenda kukaa nyuma ya usukani akisikiliza redio. Nilimchukia kijana wa watu bila kosa lolote. Kila nilipopita na beseni nililiona gari lile limeelekeza pua barabarani, nikajua ahadi yangu inanisubiri, na mimi siwezi kumzuia mwanaume mwenye kifua kama mlango.

Padre alikuja, akampaka Mama mkubwa mafuta akiwa na akili zake timamu kama alivyotaka. Mama mkubwa alionja pia kimea, akaweka punje chache ulimini, akazitafuna kwa muda, akasema, "Kinafaa." Baada ya hapo aliacha kula. Deusi hakuweza kuvumilia hilo. Alitengeneza mchuzi wa migebuka mwenyewe, akaupoza, akaja na kijiko, na mimi nikamwambia nesi amekataza. Akasema nesi hakuzaliwa na mama huyu. Akamfungua midomo kwa kijiko. Mchuzi ulikwenda kusikostahili, Mama mkubwa akapaliwa, akawa wa rangi ya majivu, macho yametoka, na sisi wawili tukamgeuza ubavu huku tunapiga mayowe kama watoto, mpaka ukatoka wote kwenye shuka. Alipotulia Deusi aliketi sakafuni na bakuli mkononi. Nilikuwa nimefikiri mwenye hofu ni mimi tu katika nyumba ile, na yeye ana hasira. Siku hiyo niliona kwamba hasira yake yote ilikuwa hofu iliyovaa koti, na badala ya kunipa nguvu jambo hilo lilizidi kuniogopesha, maana mtu mwenye hofu huwezi kujua atafanya nini.

Ikaja asubuhi yenyewe. Nilikuwa nimeamka kumbadilisha, nikashika mguu wake, ukawa baridi. Nikashika mwingine. Pumzi ilikuwa inakwenda, inasimama, nami nahesabu moyoni bila kujua nahesabu nini, kisha inakwenda tena kwa mkoromo. Kila kitu kilikuwa kama nilivyoambiwa nyuma ya ukuta wa jiko, na haikunisaidia hata kidogo. Nilimwita jina lake. Hakujibu. Deusi alisikia ninavyoita, akaja mbio kutoka uani, akatazama, na nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Kasimu!" alipaza sauti. "Washa gari!"

Injini ikaunguruma chini ya dirisha. Nikaenda kusimama mlangoni. Nilizishika mbao za fremu kwa mikono miwili, siyo ili nimzuie, bali ili nisianguke. Deusi alikuwa amekwishaingiza mikono chini yake, akamnyanyua pamoja na blanketi.

"Toka, Edita."

"Kaka, alisema hapa."

"Toka, nakwambia!"

"Hajibu, kaka. Ulimsikia mwenyewe. Akiwa hajibu, tusimguse."

Akanipiga kikumbo cha bega, siyo kwa ubaya, kama mtu anayesukuma mlango kwa sababu mikono yake imejaa, nikaangukia kabati, na yeye akapita. Nilidhani yamekwisha. Nilibaki pale chini nikisikia hatua zake sebuleni, kisha sikuzisikia. Nilipochungulia alikuwa amesimama katikati ya vigoda na meza, mama yake mikononi, anamtazama. Hakuwahi kumbeba. Katika miezi yote ile, ukiacha siku ya mchuzi, hakuwahi kumgusa zaidi ya mkono.

"Edita," alisema, "mbona ni mwepesi hivi?"

Alibaki amesimama, pumzi ya mama yake ikisimama na kuendelea, na gari likinguruma nje. Kisha aliteremka polepole, mgongo ukiteleza kwenye ukuta, mpaka akakaa sakafuni pale sebuleni na mama yake kwenye mapaja. Alimvutia blanketi likafunika miguu.

"Kamwambie azime," alisema.

Nikatoka. Kasimu alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, ametandika godoro kwenye bodi, ameweka hata mto. Nikamwambia, "Zima gari." Akaniuliza kama hatuendi. Nikamwambia tena azime, akazima. Kukawa kimya, na kupitia dirishani nilimsikia Deusi akiongea na mama yake kwa Kifipa, sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo, anamsimulia habari za kule ziwani, samaki walivyokuwa wengi msimu huu, Sara alivyoanza kutembea. Katikati ya maneno yake nilikuwa naisikia ile pumzi, inasimama, inakwenda. Nilikuwa nje, juani, na mlango ulikuwa wazi, na hakuna ambaye angenilaumu kama ningebaki pale karibu na gari. Niliogopa kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi. Nikaingia ndani, nikakaa sakafuni, nikamshika miguu.